Tarishi

Nilimwambia kwa mdomo huu: finyanga tonge, kubwa,
usitafune, meza.
Ndivyo tulivyolelewa, ndivyo nilivyowaokoa
watoto niliowazaa na wengine nisiowazaa.
Akameza. Akameza na la pili,
na ndizi mbivu, na kikombe cha maziwa lala,
macho yamemtoka, kidole kifuani:
"Mama Apondi, nadhani umeshuka."

Musili, mchomeleaji wa mageti, Mkamba wa Kariobangi
aliyeanza kula samaki kibandani kwangu, Shauri Moyo,
kwa sababu, alisema, mbuzi amepanda bei.
Alilipa. Akaniachia shilingi ishirini za chenji.

Siku ya sita alitema damu.
Nyekundu, mbichi, kiasi cha kikombe cha chai,
kisha ikakoma
kama manyunyu yapitayo Burma bila kulaza vumbi.
Akanawa, akarudi kazini.
Duka la dawa likamuuzia vidonge vya kiungulia.

Ni Sista Jerotich, zamu ya usiku, aliyeuliza:
"Wiki hii umekula nini?"
na aliposikia samaki hakumaliza kuandika.
"Damu ikija ikaondoka," alisema, akisukuma kitanda mwenyewe,
"haijaondoka. Imetumwa.
Huyu ni tarishi tu. Mwenye ujumbe yuko njiani."

Picha niliiona. Sikuielewa, nikaonyeshwa kwa ncha ya kalamu:
umio hapa, na nyuma yake, umeuegemea kama jirani wa ukuta wa mabati,
mshipa mkuu, mnene kama kidole gumba,
na kati yao mstari mweupe, mfupi kuliko njiti ya kiberiti,
mwiba wangu.
Nasema wangu. Ni mimi niliyemkatia ile mbuta.

"Si muuvute basi!" nikapiga kelele.
Mwiba uingiapo ndipo utokeapo, sivyo tunavyosema?
Daktari Thuranira hakucheka.
"Sasa hivi huo ndio kizibo, mama.
Tukiuvuta kabla ya kuukinga mshipa
atatuishia hapa hapa, tunamtazama."

Kwa hiyo waliingilia kinenani,
mbali kabisa na maumivu,
wakapandisha ndani ya damu yenyewe
bomba la kitambaa lenye mbavu za waya, limekunjwa kama mwavuli,
wakalifungulia pale palipotoboka.
Nje, vijana wa jua kali, kumi na wanne,
viatu vimejaa chembe za chuma,
walipanga foleni wamekunja mikono ya shati.
Mmoja alizimia kabla ya sindano.
Tukamcheka, tukashukuru kupata cha kucheka.

Ndipo, ndipo tu, mwiba ukatolewa kwa mdomo.

Musili alipozinduka aliuliza swali la fundi:
"Mmeziba kwa ndani? Bila kufunga maji?"

Haikuishia hapo. Watu hudhani huishia hapo.
Wiki sita za dawa mshipani, maana mwiba haukuingia msafi;
mrija tumboni, uji uliochujwa mara mbili;
homa iliyorudi Jumapili moja ikatunyima usingizi sote;
na bili, ambayo geti moja baada ya jingine
bado yanailipa.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.
Lakini huu hakujidunga. Nilimsukumia mimi.
Nilimwambia hivyo, wodini, nikikunja shuka lisilohitaji kukunjwa.
Akatazama dari. "Ulinipa ugali," akasema,
"hukunipa sumu."
Sijui kama huo ulikuwa msamaha.

Siku hizi hufika saa saba, hukalia benchi lile lile,
huagiza sukuma na maharagwe,
hutafuna polepole kama anayehesabu.
Na mtoto wa mteja akikohoa, akishika koo,
mkono wangu bado hukimbilia sufuria,
hufinyanga tonge lenyewe, la moto,
nami hubaki nimelishika, linapoa,
nikiita pikipiki.